Amplifaya ya Mwalimu wa Kwaya

Masikio ya mume wangu yalipoanza kumwacha, alilaumu kila kitu chenye waya. Redio ilikuwa mbovu. Simu ilikuwa mbovu. Spika za kanisa, eti, zilifungwa na watu wasiojua tofauti ya wimbo na lori linalobadilisha gia pale Maungu. Nami nilikuwa naongea chini siku hizi. Mimi, ninayeuza maharagwe na pojo katika soko la Voi, ambaye nikimwita mteja hata wauza nyanya wa upande wa pili hugeuka.

"Twende hospitali wakakuangalie masikio," nikamwambia.

"Yana nini?"

"Hayasikii."

"Yanasikia upuzi wako wote," akasema, akarudi kwa gazeti lake.

Ni mwalimu mstaafu. Shule ilipomwachilia alibaki na kwaya ya kanisa, na hiyo kwaya ndiyo iliyomzuia asigeuke mzee wa kukaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu kuku. Akivaa koti la kwaya siku ya Jumapili anarefuka. Kwa hivyo wote tulijua kilichokuwa hatarini. Siku neno "kiziwi" likitamkwa kanisani, kwaya itapewa mtu mwingine, na sijui mume wangu angebaki nani.

Kazi ya mwalimu wa kwaya, kwa asiyejua, huanza na kutoa doh. Anaitoa kwa mdomo, sauti moja, na wimbo wote unasimama juu ya hiyo sauti. Sasa Mwalimu wangu alikuwa anatoa doh ambayo hata malaika wasingejua waiweke wapi. Na kwaya ilifanya nini? Mama mmoja wa soprano, ambaye pia ni jirani yetu wa ua, alikuwa akingoja Mwalimu amalize, kisha anavumisha doh iliyo sawa huku midomo ameifunga, na wote wanaichukua ile yake. Mwalimu anapunga mikono, ameridhika. Wao wanatabasamu.

Hao ni watu wazima. Kuna nesi humo. Kuna karani wa kaunti. Kuna bwana wa reli ambaye kazi yake ni kuhakikisha treni mbili hazikutani. Na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema, "Mwalimu, hiyo sio." Ni heshima, waliniambia. Mimi naiita woga uliovalishwa joho.

Yeye naye alikuwa na desturi ya kurekodi mazoezi kwa simu ili asikilize nyumbani na kujua nani anaharibu. Akawa anasikiliza na kuchukia. "Soprano wamelala. Wanaimba kama wanaogopa kuamsha mtoto." Soprano wetu, kwa taarifa yako, wakiimba mabati yanatetemeka. Lakini sauti za juu ndizo zilizotangulia kumtoka, na badala ya kusema masikio yangu yanakufa, akasema nahitaji hedifoni.

Hapo ndipo alipoingia fundi wa vyombo vya kanisa. Huyu kijana ana duka karibu na stendi, anauza chaja, betri na maneno. Hasa maneno. Kwanza alimuuzia Mwalimu hedifoni zenye taa za buluu na besi ya kumtoa mtu meno. Mwalimu alizivaa siku moja akasema waimbaji wake wamegeuka ng'ombe walioanguka kisimani. Fundi hakushtuka. Akasema hizo ni za watoto, mtu wa kiwango cha Mwalimu anafaa hedifoni zenye matundu kwa nyuma, kwa sababu sauti lazima ipumue. Nikamuuliza kwani ilikuwa imekabwa na nani. Akanitazama kama vile mteja anavyotazama maharagwe yaliyoliwa na wadudu.

Zikaja zile za matundu. Kubwa, nyeusi, zimefunika masikio yote mawili mpaka shavuni. Mwalimu akazichomeka kwa simu. Hakusikia kitu, au alisikia kidogo sana. "Unaona," fundi akasema, akifurahi kama daktari aliyepata ugonjwa, "hizi ni nzito, simu haina nguvu ya kuzisukuma. Zinataka amplifaya ya kulingana nazo." Halafu akaanza kumsomea mambo ya omu, kipimo cha jinsi chombo kinavyokataa umeme, kwamba hedifoni zenye omu nyingi ni kama punda mkaidi. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, na hao wawili wakawa hawaongei kitu kingine. Chakula kinapoa, wao ni omu. Niliwapelekea uji, nikakuta wanabishana kuhusu waya.

Sasa, huku kwetu ukisema amplifaya mtu anajua kitu kimoja tu, yaani lile sanduku la matanga na mikutano ya injili, ambalo likiwashwa Mwatate nusu ya mlima wanajua nani amekufa. Fundi mwenyewe, pamoja na omu zake zote, hakuwa amewahi kugusa nyingine. Akalileta hilo hilo. Alilibeba kwa pikipiki, akaliweka sebuleni kwangu juu ya kitambaa changu cha meza, akafunga nyaya za hedifoni mahali pa kufungia spika. Nilimwambia Mwalimu asizivae kwanza. Namshukuru Mungu kwamba siku hiyo alinisikia. Fundi aliwasha, hedifoni zikatoa mlio mmoja, pah, na sebule ikajaa harufu kama ya nywele zilizoungua.

"Zilikuwa dhaifu," fundi akasema.

Nilifungua madirisha.

Unafikiri basi mtu mmoja pale kanisani alisema imetosha? Waliitisha kikao. Wakaketi baada ya ibada, bila Mwalimu, na mimi nikafikiri sasa wamepata akili, watachagua wawili waje wamwambie kwa upole, na tutampeleka kliniki ya masikio. La. Waliamua kuchanga. Sisi Wadawida, watu wa Taita, tunaweza kuchanga tukanunua trekta ili tusimwambie mtu neno moja. Mfuko ukapita kiti kwa kiti, na yule jirani yangu wa soprano, anayetoa doh kwa siri kila wiki, akatoa mchango kwa mkono ule ule anaoshikia kitabu cha nyimbo. Hedifoni mpya zenye matundu na amplifaya yake halisi zikaagizwa kutoka Nairobi.

Walizileta nyumbani kwa maandamano. Chombo kilifunikwa kwa leso, kukawa na keki, kukawa na maombi marefu juu ya kitu kinachotumia umeme. Leso ilipoondolewa, amplifaya yenyewe haikuzidi mkebe wa mafuta ya Kimbo. Mwenyekiti wa kwaya aliizunguka akauliza sehemu iliyobaki iko wapi. Nilicheka peke yangu. Kisha akatoa hotuba kwamba kwaya imemnunulia Mwalimu chombo hiki "ili atusikie vizuri zaidi," na watu wote wakapiga makofi wakiangalia chini. Mwalimu akalia. Alifuta machozi akasema hajawahi kuona upendo kama huo. Nami nikawaandalia chai, na mdomo wangu ulikuwa mchungu kama mwarobaini.

Lazima niseme ukweli, ile amplifaya ilikuwa na nguvu. Mwalimu alikaa nayo barazani, akazungusha kile kifundo cha sauti hadi mwisho, akasema sasa anawasikia soprano, kwa mbali, lakini anawasikia. Alifurahi. Alianza kuongea juu ya mashindano ya kwaya ya mwaka huu. Kile ambacho fundi hakumweleza ni kwamba hedifoni zenye matundu hupumua kwenda nje pia. Wimbo wote ulikuwa uani kwangu. Alikuwa anasikiliza peke yake pamoja na mtaa mzima.

Jumamosi moja alasiri alikuwa amekaa hivyo, na mimi nachambua pojo kando yake. Ng'ambo ya ua jirani yule wa soprano alikuwa anaanika nguo. Mazoezi ya jana yake yalikuwa yanalia, akaanza kuimba nayo, sehemu yake, bila haraka. Mwalimu akazivua hedifoni afute miwani, akaziweka mezani bila kuzima. Alipovaa miwani akamwona jirani. Mtu aliyefundisha kwaya maisha yake yote husoma wimbo kwenye mdomo. Alimtazama, kidole chake kikigonga goti, kinahesabu mapigo. Kisha kidole kikasimama.

"Anaimba wimbo wetu," akasema.

"Ndiyo."

"Ubeti ule ule. Amejuaje nilikuwa nimefika wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Kanisa zima lilikuwa limenionyesha namna ya kufanya.

"Anausikia," nikasema. "Unatoka hapo mezani."

Akainama juu ya zile hedifoni. Akageuza sikio la kulia, akangoja. Akageuza la kushoto.

"Zinalia sasa hivi?"

"Zinalia."

"Mpaka kule kwake?"

"Mpaka barabarani."

Hakukasirika. Nilitamani akasirike, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alikaa akiangalia zile nguo zinazopepea kwa jirani, na nilijua anarudi nyuma, zoezi kwa zoezi, Jumapili kwa Jumapili.

"Na doh," akasema. "Nani huwapa doh?"

"Yeye. Ukimaliza kutoa yako, anavumisha yake. Wanaichukua hiyo."

"Wote wanajua?"

"Wote."

"Hata hawa waliochanga."

"Hao hao."

Hasira iliyonipanda ilikuwa kubwa kuliko yake. Niliwaona na keki yao na leso yao, watu waliompenda mume wangu kiasi cha kumwacha asimame mbele ya mkutano bila nguo. Yeye akanyoosha mkono akazima amplifaya. Jirani akakatika katikati ya mstari, akatuangalia, akainamia karai lake.

"Niimbie doh," Mwalimu akaniambia.

"Mimi? Sijui kuimba."

"Unajua. Nilikuwa nakusikia ukipika."

Nikaweka ungo chini. Nikasogea mpaka midomo yangu ikagusa sikio lake, nikaimba doh, ile ya jirani, niliyokuwa nimeisikia mara zote hizo nikiwa nimekaa kwenye benchi nimejaa aibu. Aliweka mkono shingoni mwangu autafute mtetemo. Akafumba macho, akafungua mdomo, akaitoa yake. Kisha akanitazama jinsi anavyoitazama kwaya, akingoja niitikie kwa kichwa.

"Hapana," nikamwambia. "Yako iko juu mno."

Akajaribu.

"Hapana. Bado."

Akavuta kiti chake karibu na changu, akarudisha mkono shingoni mwangu.

"Tena," akasema.