Chumba cha Joto, Siku ya Mfungo

Shuleni nina rafiki mmoja tu, Mmarekani ninayekaa naye meza moja kwenye kemia, na ndiye aliyenialika kwenye yoga ya joto. Alisema wanapandisha joto la chumba mpaka jasho linadondoka sakafuni. Nikasema sawa. Mimi husema sawa kwa kila kitu, halafu naenda kuogopea nyumbani.

Mama aliuliza swali moja. "Humo ndani wanaabudu?"

"Hapana mama, ni mazoezi."

"Haya. Ila ukisikia wameanza nyimbo usizozijua, beba viatu vyako utoke."

Habari ya joto sikumgusia.

Halafu hospitali ya Moshi ikabadilisha siku ya upasuaji wa bibi, ikawa Jumapili. Bibi ndiye aliyenilea mpaka darasa la pili, kabla mama hajanileta huku Minnesota. Kwetu mtu akienda kupasuliwa, familia inafunga siku moja kabla. Mfungo mkavu, bila chakula wala maji, mpaka saa kumi na mbili jioni. Mama alitangaza kwenye simu ya maombi, ile ambayo watu wa kanisa letu hupiga namba moja alfajiri kuombeana kabla ya kwenda kazini. "Mimi na binti yangu tutafunga Jumamosi," alisema, na sauti nyingi zikaitikia amina.

Jumamosi hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya yoga.

Mtu mwingine angeandika meseji moja tu na kuahirisha. Lakini wasichana wa timu ya kuogelea walikuwa wameanza kumwita rafiki yangu kwenye meza yao wakati wa chakula. Niliogopa kumkataa hata mara moja.

Asubuhi mama, akiwahi shifti yake kwenye nyumba ya wazee kule Eagan, alinigeukia mlangoni. "Umejipaka mafuta? Usitoke umepauka hivyo, watu watasema kwetu hakuna mafuta." Nikajipaka mpaka vidoleni. Mchana ikaja meseji ya rafiki: usipake mafuta, utateleza kwenye mkeka.

Nikaingia bafuni kuyaosha. Nikafungulia maji ya moto, nikafunga mlango, nikajiambia ngoja nijipime humuhumu kama joto nitaliweza. Kioo kikapotea kwenye mvuke. Masikio yakaanza kuvuma, nikaona madoa meusi, nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Maji yalikuwa yananimwagikia usoni na ulimi wangu ulikuwa mkavu kama karatasi. Nilikaza midomo. Nilihisi kwamba nikimeza tone moja tu, mkono wa daktari utatikisika Moshi. Najua mambo hayaendi hivyo. Ila sikuthubutu.

"Umekunywa maji? Kunywa mengi!" rafiki yangu aliandika tena. Nikamtumia kidole gumba.

Studio iko hapahapa Saint Louis Park, tulitembea kwenye theluji mimi na yeye kuwahi darasa la saa kumi jioni. Kila mlango wa chumba ulipofunguliwa, pumzi ya moto ilitutokea kama ya mtu mwenye homa. Mwanamke mmoja wa darasa lililotangulia alitoka uso mwekundu, akajilaza chini karibu na viatu vyetu. Hakuna aliyemjali. Rafiki yangu akanipa chupa.

"Kunywa nusu sasa hivi," alisema kwa Kiingereza chetu cha shuleni. "Wiki iliyopita mtu alianguka humo." Alikuwa anatabasamu.

Nikakimbilia chooni, nikampigia mama.

"Mama, nina kizunguzungu. Na hiki chumba cha yoga ni cha moto."

"Cha moto vipi?"

Nikamweleza.

"Kunywa maji sasa hivi."

"Na mfungo?"

Nyuma yake kengele ya mgonjwa ilikuwa inalia. "Mimi nilikunywa chai saa nne," alisema polepole. "Nilikuwa namwinua mzee, mikono ikaanza kutetemeka, nikaona nitamwangusha. Kunywa, mwanangu. Mungu anaona." Akakata, kengele bado inalia.

Kwa hiyo tangu saa nne nilikuwa nafunga peke yangu. Niliporudi kwenye benchi, rafiki yangu alikuwa ameshakunja soksi zake.

"Siwezi kuingia," nikasema. "Nimefunga. Bibi yangu anapasuliwa kesho."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Mwalimu akaita. Rafiki yangu aliutazama mlango, akanitazama mimi, akaingia. Mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.

Nikabaki na chupa mapajani. Mama ameniruhusu, hata Mungu, kwa maelezo ya mama, ameniruhusu. Lakini Moshi ilikuwa saa saba usiku, na bibi kule wodini amekatazwa kula na kunywa mpaka apasuliwe. Tulibaki wawili, mimi na yeye. Nikakaza mfuniko wa chupa.