Shangazi wa Kukodi

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na haikuanza kwa kitu nilichokiona. Ilianza kwa sauti. Nilikuwa jikoni kwa Hamza, ghorofani pale Yeoville, Johannesburg, uso umelowa mvuke wa pilau, pazia limeshushwa kati yangu na wageni, niliposikia kigelegele kutoka chumba cha wanawake. Kilianza chini kama birika linalokaribia kuchemka. Kikapanda, kikakatika katikati kama mtu aliyejikwaa, kikaendelea tena, na mwisho wake kikageuka kicheko. Mwiko ukasimama mkononi mwangu. Sauti ile nilikuwa naijua.

Wakati huo nilikuwa kijana, na kazi yangu ilikuwa kupika kwenye shughuli za watu. Wakongo waliniita, Watanzania waliniita, na wote walinificha nyuma ya pazia lilelile. Mpishi haoni harusi, mwanangu. Anaisikia. Basi majuma machache kabla ya siku ile nilikuwa jikoni kwa familia moja ya Kikongo, na kigelegele hichohicho kilipigwa na shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa Bukavu, msemaji kwelikweli, aliyesifia ukoo wake mpaka chakula kikapoa. Sasa shangazi wa Bukavu alikuwa anatafuta nini kwenye posa ya kijana wa Tanga?

Maana ile ilikuwa posa ya Rukia, dada yake Hamza, rafiki yangu wa kuazimana khanga. Rukia alikuwa akiuza vitenge sokoni Newtown, na alikuwa amechoka kula peke yake. Akaliona tangazo limebandikwa kwenye nguzo karibu na robot, zile taa za barabarani, la ofisi ya kutafutia watu wachumba iliyojiita Fungate. Akapanda ngazi zao kule Braamfontein, akaacha picha yake, na baada ya muda wakamletea Salehe. Kijana mpole, mlinzi wa maduka, anayeongea chini chini. Rukia akampenda. Hamza hakuwa na neno, ila alitaka jambo moja tu, nalo ni haki ya kila kaka: wazee wa kijana waje wakae mbele yake. Wazee wakaja. Alikuja baba mkubwa mwenye kofia nzuri, na akaja shangazi.

Niliacha chungu nikaenda kuchungulia. Shangazi alikuwa amejifunika ushungi mpaka puani. Wakasema amepatwa na mafua, baridi ya Joburg imemnyang'anya sauti. Nikapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

Akatikisa kichwa.

Mwanangu, mtu anaweza kupotelewa na sauti, sikatai. Lakini aliyeweza kupiga kigelegele cha kutikisa madirisha anashindwaje kusema marahaba? Shangazi wa Tanga, asiitikie shikamoo! Damu ilinipanda pale pale.

Nikamvuta Hamza jikoni, nikamweleza. Alicheka akijishika mbavu.

"Kwa hiyo nivunje posa ya dada yangu kwa ajili ya kigelegele? Nenda polisi ukawaambie, wakuchoree na picha yake."

"Nenda kaitazame ofisi iliyomleta."

"Eish! Askari kanzu wa jikoni. Hebu kwanza tazama wali wako, unaungua."

Na kweli ulikuwa unaungua, jambo lililonitia hasira zaidi.

Kesho yake nikaingia kazini, kazi ya upelelezi. Nilijiuliza, mwanamke wa Kikongo mwenye mdomo mwepesi, hapa Yeoville, mchana anakaa wapi? Anasuka nywele. Lakini saluni za Yeoville hazihesabiki, na sikuwahi kuuona uso wake. Nilichokuwa nacho ni sauti tu. Basi nikafanya hivi. Nikasimama mlangoni mwa saluni ya kwanza, nikatweta kama mtu aliyekimbia, nikapaza sauti: "Dada zangu, ndugu yangu kajifungua mapacha!"

Kina dada hawa hawana uchoyo wa furaha. Vigelegele vikalipuka. Nikatega sikio, nikasikia nyembamba, nikasikia nene, ile yangu haimo. Nikashukuru, nikaenda ya jirani. Mapacha wakazaliwa tena. Nikavuka barabara, wakazaliwa tena. Mpaka adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unanipa pongezi, na mwenye duka mmoja akanizawadia sabuni ya watoto, na mimi ndugu yangu pekee ni kaka.

Ndipo katika saluni moja nyembamba kama ushoroba nikakisikia. Birika, kujikwaa, kicheko. Alikuwa mama mnene wa makamo, vidole vimezama kichwani kwa mteja, wenzake wakimwita Mama Odette.

Nikamwendea. "Shikamoo, shangazi wa Salehe. Mafua yamepona?"

Mikono yake ikaganda kwenye nywele. Kisha akajipa moyo. "Miye? Unanifananisha, mama."

"Sikufananishi. Ulikuwa kwa Hamza umejifunga uso, na kabla yake ulikuwa shangazi wa mtu wa Bukavu. Una wapwa wangapi katika mji huu?"

Mteja akageuza shingo asikose neno. Mama Odette akapandisha sauti, na mwanangu, alikuwa na hasira kuliko mimi!

"Sikusema bongo hata moja!" Bongo ndiyo wanavyoita uongo kwao. "Wa Bukavu ni mtoto wa jirani yangu, wote wake walikufa kwa vita, nilisimama kama mama. Kuna ubaya? Na yule wa kwenu, Bwana Gilbert wa ofisi ya Fungate aliniambia ni yatima, hana mtu, atakosa mke. Nikakaa. Nikanyamaza. Nikapiga kigelegele. Kigelegele ni bongo?"

Ndani ya maneno yale mlikuwa na huruma ya kweli. Sisi wa ugenini tunajua maana ya kukosa mtu wa kukusimamia. Lakini hasira yangu haikupoa, ilipata tu mahali pa kukaa.

"Mama," nikamwambia, "ulipopiga kigelegele kile, Rukia alikuwa mbele yako. Alikutazama akasema moyoni, nikipigwa, nikifukuzwa, nikiachwa na mtoto mgongoni, huyu ndiye nitakayemkimbilia. Siku akilia atakulilia wewe? Unajua hata jina lake?"

Aliendelea kusuka, lakini alisuka vibaya, mpaka mteja akalalamika.

Kwa Hamza sikurudi na habari hizo, maana angenicheka tena. Siku ya kuleta mahari wageni walikuja tena, na safari hii walikuja na Bwana Gilbert mwenyewe. Sijui nikuelezeje mtu yule. Suti ya sufi ndani ya sebule yenye joto, mwavuli mkononi na mbingu kavu, na Kiswahili alichokizungumza kwa pua kwa sababu eti ameishi London. Waliomjua walisema alibadilisha ndege tu pale. Akaketi kama hakimu.

"Shangazi anaomba radhi," akasema, "bado anaumwa."

Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Mpishi hana neno kwenye kikao, hilo nilifundishwa. Nikaliweka sinia chini, nikauliza vilevile.

"Baba mkubwa, samahani. Rukia akikosana na mumewe, aje kwenu mlango upi?"

Mzee mwenye kofia akamtazama Bwana Gilbert. Hakumtazama Salehe, mwanangu, aliyedaiwa kuwa damu yake. Alimtazama mwajiri. Naye Bwana Gilbert akakohoa, akasema kwa heshima zote, "Ofisi yetu hupokea malalamiko siku za kazi, kuanzia asubuhi."

Hata Hamza, aliyekuwa amenikunjia uso, akakunjua.

Kabla mtu hajasema, mlango ukagongwa, akaingia Mama Odette. Hakuwa na ushungi. Alivaa kitenge chake na kilemba kirefu, akasimama katikati ya sebule.

"Nimekuja kuwaambia sauti yangu imerudi," akasema. "Na huyu kijana simjui. Baba yake simjui. Tanga sijawahi kufika, ni mji ama ni mto, sijui."

"Mama Odette, tulikubaliana!" Bwana Gilbert aliruka, na ile pua ya London ikamtoka, akawa anaongea kama sisi.

"Tulikubaliana nisaidie yatima. Basi mwache aseme mwenyewe kama ni yatima."

Ndipo pazia la chumbani likafunuliwa, akatoka Rukia. Hina mikononi haijakauka vizuri. Bibi harusi hatoki mbele ya wachumbiaji, lakini alitoka, na hapana aliyethubutu kumrudisha.

"Salehe," akasema, "mimi sikutaka shangazi wa kifahari. Ungeniambia huna mtu, ningekuchukua peke yako. Una mama?"

Salehe akainamisha kichwa.

"Yu hai?"

"Yupo Tanga."

"Nipe namba yake nimsalimie."

"Simu yangu imekwisha chaji."

Hamza akamnyooshea yake. Salehe aliitazama ile simu kama kaa la moto. Tukasubiri, na katika kusubiri kule kila mmoja wetu alielewa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake hakai peke yake. Anakaa na mke wa Salehe, na mtoto wao.

Mwanangu, dini yetu haikumkataza mke wa pili. Angeweza kuja na ukweli wake mkononi, akakubaliwa au akakataliwa. Alichokifanya ni kumfuta mwanamke mmoja ili ampate mwingine, akamzika mama yake mzazi angali anapumua, na akatafuta ofisi imuuzie ndugu wa kufunika kaburi. Miaka imepita, nami hasira hiyo haijaniisha.

Nitamtoa Salehe mlangoni sasa hivi, usiwe na haraka. Kwanza nisikilize, kwa sababu najua una kijana uliyempata kwenye simu, na najua wazee wake watakuja Jumamosi. Sikuzuii. Wala usimdharau asiye na ndugu; vita na njaa vimewanyang'anya watu wengi jamaa zao, na mtu anaweza kuja mwenyewe na viatu vyake tu na akawa mume bora kuliko mwenye ukoo wa kujaza basi. Ila aseme. Anayekuambia "sina mtu" amekupa ukweli wa kuanzia nyumba. Na wakija wazee, usitazame kofia zao wala usihesabu magari waliyokuja nayo. Waulize wanakaa wapi. Kisha nenda, kabla ya ndoa, siku ambayo hawakukutarajia, ugonge. Mlango utakaofunguliwa kwa furaha siku hiyo ndio utakaofunguliwa siku ya machozi. Na wewe pia, ukiombwa kusimama kwa ajili ya mtu, simama kwa yule unayemjua, uwe tayari kuamshwa na shida zake.

Mungu akupe mume mwenye jina lake mwenyewe, akupe wakwe wanaoitikia salamu, na nyumba ambayo hutaona haya kumwonyesha mama yako. Amina.

Basi Salehe aliinuka. Wale wengine walikuwa wamekwisha shuka ngazi, Bwana Gilbert wa kwanza. Salehe alisimama kizingitini akivaa viatu, akihangaika na kamba zilizokataa kufungika, na alipoinua macho alikuta Rukia amemsogelea. Alifikiri labda anasamehewa. Nami nilifikiri hivyo, maana machozi yalikuwa yakimshuka Rukia na alikuwa anampenda bado.

"Mpigie mama yako," Rukia akamwambia. "Mwambie u mzima."

Salehe akatoka, na Rukia akaufunga mlango nyuma yake kwa mkono wake mwenyewe.