Kiatu Kilicholala Nje

Nilipokuwa mtoto pale Nkoma, kwetu kiatu hakilali nje. Bibi, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikagua mlango kila jioni na kuingiza ndani hata ndala iliyokatika. Aliamini kwamba mtu mbaya akipata udongo wa unyayo wako, amekupata wewe mwenyewe. Mama yangu, alisema, alisahau viatu nje siku moja wakati wa kuvuna pamba, na mwezi haukuisha.

Basi akaja Sista Karmeni, mtawa kutoka Hispania aliyetufundisha chekechea ya parokia. Yeye naye alikuwa na mambo ya kwao, na sisi tuliyapenda yote. Mwaka mpya alitulisha karanga kumi na mbili, moja kwa kila pigo la mwiko kwenye sufuria, kwa sababu kwao hula zabibu na zabibu hatukuwa nazo. Kisha akatuambia kwamba kwao zawadi za watoto huletwa na wale wafalme watatu walioifuata nyota mpaka kwa mtoto Yesu. Hufika usiku wa kuamkia tarehe sita Januari, wamepanda ngamia. Mtoto huwaachia kiatu chake nje, pamoja na majani na maji ya ngamia.

Nilikimbia nyumbani kumweleza bibi. Alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama.

"Watu watatu," akasema. "Wanakuja usiku. Wamepanda wanyama."

"Ndiyo, bibi."

"Wanatafuta viatu vya watoto."

"Ndiyo!"

"Kabula, ng'wana wane, hapa kwetu anayepanda mnyama usiku ni mchawi. Na mnyama mwenyewe ni fisi."

Nililia mpaka kwikwi. Nikasema wenzangu wote watapata isipokuwa mimi, kwa sababu wao wana mama. Lilikuwa neno baya, na nilijua litamuuma. Bibi akamaliza kupepeta bila kunitazama.

"Kiweke," akasema.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, kajifunika blanketi, macho mekundu. Beseni la maji lilikuwa tupu na majani yametafunwa. Ndama wetu alikuwa anazurura uani na kamba shingoni, lakini nani alikuwa na habari na ndama?

"Mwangaluka, bibi!" nikamwamkia.

Ndani ya kiatu changu mlikuwa na pipi sita na penseli nyekundu. Mbele yake, upande wa njia, yalikuwepo makatambuga ya bibi, viatu vyake vya tairi, matupu. Nikacheka sana. Kumbe na yeye alitaka zawadi! Halafu nikamwonea huruma, wafalme wamemruka mtu mzima wa watu. Nikatia pipi mbili kwenye katambuga lake.

Bibi akazitoa, akazifumbata.

"Wamenikumbuka," akasema.

Miaka mingi baadaye, bibi akiwa ameshatutoka, Sista Karmeni aliniambia kwamba zile pipi na penseli alimkabidhi bibi mchana kabla ya usiku ule, azitie kiatuni kukipambazuka. Hakumwambia akeshe. Kiatu kingeweza kulala ndani kama siku zote na mimi nisingejua. Ila nilikuwa nimesema wafalme wanakikuta nje, na bibi hakutaka kunidanganya.

Nikarudi nyumbani nikiwaza yale makatambuga. Aliyatanguliza makusudi. Aliyempoteza binti kwa kiatu, kama alivyoamini, aliweka vyake mbele ili atakayekuja na fisi wake aanze na yeye. Nililia kwenye pikipiki mpaka dereva akauliza kama nimepatwa na msiba.

Sasa mimi ni muuguzi hapa Bariadi, na habari za unyayo siziamini. Januari hii binti yangu aliweka kiatu chake kibarazani, na majani, na maji. Nilimfunika, nikafunga mlango, nikajilaza. Sikukaa hata dakika tano. Nilitoka nikavua ndala zangu, nikazipanga mbele ya kile kiatu kidogo, upande wa njia.