Shikamoo Isiyoitikiwa

Nawaandikia ninyi ambao sauti zimeanza kuwakimbia, na walio nyumbani nanyi.

Nilirudi Tanga kutoka chuo kikuu nikiwa mzima, nikihoji kila kitu, hata Mungu. Hayo nilikwisha kumwandikia baba, mzee wa kanisa aliyefanya kazi miaka mingi kwenye korona, mashine ya kusaga mkonge, huko Maramba. Nilipoingia nyumbani, mtaa wa Nguvumali, baba alikuwa amenipa mgongo, anasuka kamba.

"Shikamoo, baba."

Hakuitika. Nikajua ni ile barua. Sikurudia, na kwa miezi miwili sikumwamkia tena.

Kisha mafua yakanishukia masikioni. Mama alinitia mafuta ya nazi ya moto. Siku ya nne usaha unaonuka ulilowesha mto. Maumivu yakapungua, na sauti zikapungua. Wazee walinisemesha njiani nikawapita. Mama akaniandikia maneno ya jirani: "Mwanao amesoma mpaka salamu zimemshinda?"

Hospitalini daktari alitaja nambari huku akirudi nyuma. Hatua ya tatu nikaona midomo tu. Akagonga chuma chenye meno mawili, akakisimamisha kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kilivuma. Akakileta mbele ya sikio. Kimya.

"Rudia," nilisema. Akarudia mara tatu.

"Mlango umeziba," alinipazia sauti, "lakini mwenyewe yumo ndani. Utapona."

"Wako wasiopona?"

"Watu wa korona, kwa kelele za mashine. Kwao mlango u wazi, mwenyewe ndiye anayekufa. Sauti nyembamba hutangulia kupotea."

Nikaukumbuka ule mgongo wa baba.

Baada ya sindano za wiki mbili nilisikia nambari hadi ukutani. Nikampeleka baba. Chuma kilivuma kidogo mbele ya sikio, kwenye mfupa hakikuvuma kabisa. Nambari hakusikia hata moja. Daktari akakirudisha chuma mfukoni.

Njiani baba alisema, "Uliporudi hukuniamkia. Nikasema haya, ndiyo elimu."

Namshukuru daktari. Mama anamshukuru Mungu, nami sibishani naye. Msitie mafuta sikio linalouma. Ninyi mnaofanya kazi kwenye korona, zibeni masikio kwa pamba, mkichekwa chekweni.

Na mzee asipoitika, zunguka mbele yake, piga goti, rudia. Mimi hufanya hivyo kila asubuhi. Baba hunitazama midomo, kisha husema "Marahaba" kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliye bado kando ya mashine.