Gari la Kupanda Mawe na Kipande cha Ndala

Mwanangu, ipo siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, siku mimi na Rosa tulipotaka kugawana gari. Usicheke. Halikuwa gari la kubeba watu. Lilikuwa gari la rimoti, dogo la kukaa juu ya meza ya kukatia nguo, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupanda mawe polepole bila kupinduka.

Nakusimulia kwa sababu nimesikia kwamba wewe na mwenzako, mliofungua pamoja kibanda cha kutengeneza simu, sasa kila mmoja anahesabu alicholeta. Kaa basi. Chai bado ya moto.

Nilikuwa msichana wa Kwedizinga. Baba alinileta Korogwe nijifunze kushona kwa Mama Halima, fundi wa pale Masuguru. Rosa alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Babu yake alikuja zamani kukata mkonge, na ukoo ukabaki hukuhuku. Mimi Mwislamu, yeye Mkristo, na tulikula sahani moja. Ramadhani ikiingia alikuwa anakwenda kunywa maji nyuma ya pazia la kupimia nguo, eti asinitamanishe. Mtu mwema yule, ila mbishi! Na mimi, kama unavyonijua, sikuwa nyuma.

Rosa alipata kwenye mitumba gari la watoto lililovunjika. Mota inazunguka, rimoti inaitika, lakini magurudumu hakuna. Mimi nilikuwa na redio kaseti mbovu ya baba. Tukatoa gia zake za plastiki, tukaziunganisha na zile za gari mpaka mwendo ukapungua, maana gari la kupanda mawe halitaki mbio, linataka nguvu. Magurudumu tuliyatengeneza kwa vifuniko vya makopo, tukavishonea mpira wa tyubu ya baiskeli, na ndani tukajaza sponji za mabega ya makoti ya mitumba. Mama Halima alikuwa ananung'unika tu, kwamba sindano zake nene zinakwisha kwa upuuzi.

Shida ilikuwa kwamba lilipinduka kila mara. Jirani alikuwa na lundo la mawe ya msingi wa nyumba (nyumba yenyewe sijui kama ilikuja kujengwa), na hapo ndipo tulipolijaribia. Gurudumu moja likipanda jiwe, jingine linabaki hewani, gari linalala chali. Siku moja tukitoka sokoni tukaona njiani ndala iliyokatika. Hata sikumbuki nani aliinama. Tulikata kipande cha ule mpira, tukakitia katikati, kati ya sehemu ya mbele na ya nyuma, ili kila upande ujipinde kivyake. Gari likapanda jiwe la kwanza, likapanda la pili, likaenda kusimama juu kabisa ya lundo. Tulipiga vigelegele mpaka wateja wakatoka nje kuuliza nani anaolewa.

Mafunzo yakaisha, baba akatuma neno kwamba anakuja kunichukua. Sasa gari liende wapi?

"Mota yangu, rimoti yangu," Rosa akasema. "Gari ni langu."

"Na gia je? Na magurudumu niliyoyashona? Bila mimi ungebaki na boksi la plastiki."

Hapo ndipo tukaacha kusemeshana. Tulikuwa tukirushiana mkasi mezani badala ya kupeana mkononi. Niliumia, mwanangu. Lakini nani aanze? Hasira hasara, na mwenye hasira ndiye wa mwisho kuiona hasara yake.

Mama Halima alivumilia mpaka akachoka. Akasimamisha cherehani.

"Mteja huleta kitambaa, mimi naweka uzi," akasema. "Tukishindwana, nafumua. Yeye achukue kitambaa chake, na mimi uzi wangu. Haya, na nyie fumueni."

Tukafumua. Skrubu moja moja. Huku mota na rimoti, kule gia na magurudumu. Mimi nilijifanya ngangari. Tulipomaliza, katikati ya meza kikabaki kile kipande cha ndala.

Mama Halima akakinyanyua kwa ncha ya mkasi. "Hiki cha nani?"

Nikamtazama Rosa. Rosa akanitazama.

"Semeni. Nani alikileta?"

"Hakuna, mama," nikasema. "Tulikikuta tu njiani."

"Basi hiki ndicho gari. Hayo mengine yenu ni spea." Akarudi kwenye cherehani yake kama mtu ambaye hajasema kitu.

Rosa ndiye aliyeanza kulia. Mimi nikafuata. Baba alipofika alitukuta tumeinama mezani tunakaza skrubu, macho mekundu, akadhani tumefiwa.

Gari likabaki Masuguru kwa Rosa. Rimoti nikaondoka nayo mimi. Tulipatana hivyo ili asiweze kuliendesha bila mimi, wala mimi bila yeye. Idi yeye huja na gari, Krismasi mimi huenda na rimoti. Leo Rosa ni bibi wa watu huko Kilole, magoti yanamsumbua, na bado tunabishana nani ameligonga. Mota tumeshabadilisha, na gia pia. Kipande cha ndala nacho huchakaa, lakini hicho hatukibadilishi mpaka tuwe pamoja. Mmoja anashika, mwingine anakata.

Jifya moja haliinjiki chungu, mwanangu. Hesabu ulicholeta, si dhambi. Lakini kabla hujatamka "changu", weka mezani kile ambacho hakuna kati yenu aliyekuja nacho, kile kilichopatikana kwa sababu mlikuwa wawili, halafu umuulize mwenzako ni cha nani. Na ikibidi mtengane, gawaneni kwa namna itakayowafanya mtafutane tena.

Haya, inuka. Funga vitumbua hivi, ni vya watu wawili, usivile njiani. Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akulainishie ulimi, na mpaka uzee wako asikunyime mtu wa kubishana naye.