Cherehani Iliyoamka Adhuhuri

Nilipoambiwa kwamba mchumba wangu anafanya kazi kwenye mgodi wa risasi huko Mpanda, nilidhani wanachimba risasi za bunduki. Sisi watu wa mpunga kule Mpimbwe tulijua risasi moja tu, ile inayoangusha nyati. Ilikuwa miaka ya hamsini, reli bado ngeni, na mimi mgeni kuliko reli. Nilipoonyeshwa jiwe zito la kijivu lenye madini hayo nilijicheka mwenyewe. Tukaoana, tukapata watoto. Kicheko kiliisha siku mwamba ulipomwangukia jirani yetu wa ukuta mmoja akiwa shimoni. Tulimzika, nikarudi nyumbani, nikamwambia mume wangu kwamba sitampikia tena mtu anayeshuka shimoni.

Maneno makali, najua. Lakini nilikuwa nimeshinda na mjane kutwa nzima nimemshika mikono, na niliogopa. Mume wangu hakubisha. Siku za mapumziko alizoea kukaa na fundi mmoja kwenye baraza ya duka, akijifunza kukata na kushona kaptura. Akasema ataacha mgodi ajaribu ushonaji. Nyapara wake akamwambia nafasi yake itamngoja mpaka mwezi mwingine uandame. Tukahama nyumba ya mgodi, tukapanga chumba mtaa wa Nsemulwa, akaanza kutafuta cherehani.

"Ikinikubali, nashona," aliniambia. "Ikinikataa, narudi shimoni. Watoto hawali kiapo chako."

Cherehani yenyewe ilikuja mlangoni, na hapo ndipo nilipoitilia shaka, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliileta mchuuzi wa dagaa na mawese kutoka Karema, mtu wa ziwani, mpole, kofia yake nyeupe pee. Ilikuwa cherehani kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, maua yake ya dhahabu yamefutika mahali fundi anapoegemeza kiganja. Jamaa akaiweka uani kwenye jua kali, akashika mpini, ikazunguka bila kelele.

"Ilikuwa ya marehemu kaka yangu," akasema. "Nimeitunza, shemeji. Kila Ijumaa naitia mafuta."

Mume wangu akatoa baiskeli yake, mgeni akatoa cherehani, wakapeana mikono. Mimi nikanunua chupa moja ya mawese, biashara ikaisha.

Asubuhi yake cherehani haikuzunguka. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mpanda ile inayofanya watoto wagombee jiko. Mume wangu alivuta mpini, akausukuma, akaupiga kofi, wapi. "Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema, akatoka nje asinionyeshe uso. Adhuhuri nikaitoa uani niipanguse vumbi, nikagusa mpini, ukaenda wenyewe. Nilimwita mbio, akashona foronya nzima. Kesho yake asubuhi ikawa imekufa tena. Ikawa ndiyo tabia yake: asubuhi maiti, adhuhuri hai, jua likizama inazimia.

Majirani walikuja kutazama kama wanaotazama ngoma. Mama mmoja wa Ilembo aliyekuwa anapita na mihogo akatikisa kichwa. "Nyie, hiyo ina mashetani ya ziwani," akasema. "Itafutieni mganga." Mume wangu hakucheka. Fundi wa saa za jua tu atashona nini? Na mwezi angani ulikuwa umebaki kama ukucha. Jioni moja akaniuliza viatu vyake vya mgodi nimeviweka wapi. Nilikuwa nimevizika ndani ya kihenge cha mpunga. Nikasema sijui.

Asubuhi iliyofuata nilitaka kuunga maharage. Nikachukua ile chupa ya mawese, nikaipindua juu ya sufuria, halikudondoka hata tone. Yalikuwa yameganda, kama yanavyoganda kila asubuhi ya baridi, nami hungoja chupa ipate joto la jiko. Nilisimama pale chupa iko juu chini, macho yakaenda kwenye cherehani. Nikavunja kijiti cha ufagio, nikakichomeka kwenye kile kitundu cha mafuta. Kilitoka na utomvu wa rangi ya kutu. Nikanusa. Nikalamba.

"Baba watoto!" nikaita. "Huyu mtu alikuwa anaiunga cherehani kama mboga!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yule mchuuzi wa watu hakutudanganya: kila Ijumaa alitia mafuta, nasi hatukuuliza mafuta gani. Kule kwao ziwani joto halilali, mawese hayagandi.

Mume wangu akafungua skrubu moja moja, akavipanga vyuma juu ya kanga yangu. Vile vidogo nikavitia kwenye chungu na magadi.

"Utapika cherehani?" akauliza.

"Chuma hakiivi. Leta kuni."

Mwili wake tuliusugua kwa mafuta ya taa, tukachokoa pembe zake kwa unyoya wa kuku, na mchuzi wa miaka mingi ukatoka. Tukaiunga upya, ikabaki skrubu moja ambayo mpaka leo sijui kwao ni wapi. Kisha akaenda dukani akarudi na kikopo cha mafuta halisi ya cherehani.

Asubuhi ya kesho yake baridi ilikuwa kali kuliko zote. Sikuweza kutazama. Nilimpa mgongo, nikakoroga uji, nikasikia kiti kinasogea, halafu mpini, halafu sindano inatembea kwenye kitambaa bila kusita. Ndipo honi ya mgodi ikalia, ile ya kuita zamu. Cherehani ikanyamaza. Mwiko ukanishinda kuugeuza.

"Mama watoto," akasema, "vitoe vile viatu kwenye mpunga."

Nikageuka na mwiko mkononi. "Vya nini?"

"Nivikate. Ngozi yake itafaa bawaba za mlango."

Na mpini ukaanza kuzunguka tena. Nililia kwa furaha, nikakimbilia kihenge, nikatumbukiza mikono yote miwili. Mlango wa chumba kile tuliufungua na kuufunga kwa viatu vya mgodi mpaka tulipohama.