Taa ya Jirani na Nyota za Kilimia

Nakumbuka jioni moja Januari iliyopita, mwanangu, hapa mtaani Skuta, baridi ya mlima ikiuma masikio. Mjukuu wangu Wambui, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi, alisimama uani na kamera juu ya miguu mitatu, karibu kulia. Alikuwa ameniahidi Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililotuambia zamani wakati wa kutayarisha shamba. Daktari alisema macho yangu yanazidi kufifia, na mimi sikutaka yafungike kabla sijaziona tena. Wambui angezikuza kwenye kompyuta hadi hata jicho langu bovu lizishike.

Lakini jirani yetu, Mama Njeri, alikuwa na taa kubwa nyeupe juu ya geti. Iliwaka mpaka kuku wetu hawakujua kama kumekucha. Kila picha ilitoka nyeupe kama uji.

Wambui akashika simu. "Shosho, namweka kwa grupu ya mtaa, kila mtu aone. Ati ulinzi! Hiyo ni taa ya uwanja wa mpira."

"Weka simu chini," nikamwambia.

Maana nilimkumbuka mama mkwe wangu. Nilikuwa mke mpya, upande wa Murang'a, na yeye ndiye aliyenionyesha Kilimia kwa kidole. Jioni moja jirani alichoma mabua ya mahindi, moshi ukafunika anga, nami nikapanda jiwe penye ua wa mpaka nimpigie kelele. Mama mkwe akanivuta leso. "Anayeongea na jirani juu ya ua," akasema, "ataongea na ua maisha yake yote." Akatia njahi, yale maharagwe meusi, kwa kiondo, tukaenda mlangoni. Mkono mtupu haulambwi. (Sijapanda jiwe tena, na miguu hii sasa haingekubali.)

Basi nikajaza kiondo viazi vitamu, tukaenda kwa Mama Njeri. Hatukuanza na taa. Tuliuliza hali ya watoto, tukanywa chai, na mwenyewe akatuambia kwamba tangu wezi wavunje stoo yake hawezi kulala gizani. Wambui akatazama chini. Ndipo nikamweleza habari ya macho yangu.

"Si ungeniambia, mama," akasema. "Mimi nilidhani nawasaidia, mnaosha vyombo kwa mwanga wa taa yangu bure."

Hakuizima. Hofu ya mtu haizimwi kwa swichi. Wambui alikata debe kuukuu la mafuta, wakaifunika kwa juu, mwanga ukaanguka getini peke yake. Taa za mji zilibaki palepale, kwa hivyo alipiga picha nyingi, akazilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta mpaka nyota zikashinda ule mwanga.

Kesho yake Mama Njeri alirudisha kiondo, ndani mna mayai, akanikuta pua yangu imegusa kioo cha kompyuta. Nyota zilikuwa pale, mwanangu, zimekumbatiana kama vifaranga. Nikamshika Mama Njeri mkono.

Kwa hivyo nakwambia: kabla hujalaumu taa ya mtu, jua inamlinda na nini. Pitia mlangoni, beba kitu, kaa mpaka chai iishe. Mungu akupe jirani wa kukufungulia, akupe macho ya kuona ulichopewa, na kiondo chako kisirudi kitupu.